Shemeji, Ziwa Michaelson na Simba Col: wikendi mbili Mlima Kenya, moja niliiharibu mwenyewe

Mkwezi wa Pangani

Wakuu, habari za saa hizi. Uzi huu nimeuahirisha tangu Februari kwa sababu nusu yake ni aibu yangu. Mwezi uliopita nimerudi kule mara ya pili, mambo yamekwenda sawa, kwa hiyo sasa nina uso wa kusimulia zote mbili.

Mimi ni mtoto wa Pangani, kitu cha kwanza kukipanda maishani kilikuwa mnazi. Kazi imenileta Nairobi. Ofisini kuna jamaa wa Meru ambaye kila asubuhi anga likiwa safi ananivuta dirishani: "Kirimara ile." Ndivyo kwao wanavyouita Mlima Kenya. Ukiangalia sana unaona jino jeusi mbali huko kaskazini, saa tatu likishafunikwa na mawingu basi, mpaka kesho.

Wengi wakisema wamepanda Mlima Kenya wana maana ya Point Lenana, mita 4,985, maana ndicho kilele ambacho mtu wa kawaida anakifikia kwa miguu yake. Batian (5,199) na Nelion (5,188) ni vya watu wa kamba. Mimi Lenana haikunishika. Kilichonishika ni picha ya Ziwa Michaelson aliyokuwa nayo huyo jamaa kwenye simu: maji ya kijani kibichi yamekaa chini ya ukuta wa jabali, pembeni hema moja dogo kama punje ya mchele. Nikamuuliza ni Norway? Akacheka. "Ni nyumbani, Chogoria."

Tukapanga wikendi ndefu, Ijumaa hadi Jumatatu. Watu watatu: mimi, jamaa wa Meru, na shemeji yangu, kaka yake mke wangu, anayeishi Kigamboni. Shemeji akatua Nairobi Alhamisi usiku. Shikeni hapo: Alhamisi mchana bado yupo usawa wa bahari. Nitaendelea, naomba nimalizie kazi ya watu kwanza.

Pesa Mbili

Yaani mtu unalipa hela yako halali kwenda kulala kwenye baridi na kubeba begi kama punda. Waafrika tumebadilika.

Dada wa Rau

Pesa Mbili acha watu. Mkwezi endelea, mimi ni wa Moshi, nimekulia kwenye familia ya wagumu, yaani wapagazi wa mlimani, nimeshajua shemeji kimempata nini. Nimekaa pale.

Mkwezi wa Pangani

Narudi.

Ijumaa tulitoka Nairobi saa kumi na mbili asubuhi: Thika, Mwea, Embu, Runyenjes, Chuka, Chogoria. Njia nzuri, mashamba ya chai, mito kila baada ya kona. Mjini Chogoria unaacha gari lako dogo na kuchukua Land Rover, kwa sababu kutoka pale hadi geti la hifadhi ni kilomita kama thelathini za udongo katikati ya msitu mnene, kisha mianzi. Mvua ikinyesha ile barabara ni sabuni. Geti lipo karibu mita 2,950. Tukalala hapo kwenye mabanda, shemeji akala wali maharage sahani mbili, akasema kama mlima ndio huu basi watu wanautangaza bure.

Jumamosi gari likatusogeza mpaka mwisho wa barabara, kama mita 3,300, hapo mnashuka na mizigo. Tulikuwa na kiongozi mmoja, mzee wa makamo asiye na maneno mengi, na wapagazi wawili. Mwendo wa kama saa mbili taratibu tukafika Ziwa Ellis. Ziwa lenyewe limetulia kwenye bonde la nyasi za mafundomafundo, pepo zinapiga maji yanakunjika kama kanga iliyoanikwa. Mpango ulikuwa tulale hapo. Mzee alikuwa ameshaweka begi chini.

Hapa ndipo nilipoharibu. Ilikuwa saa sita mchana, jua linawaka, hakuna aliyechoka. Nikapiga hesabu zangu za Kariakoo: tukilala hapa tunapoteza nusu siku, tukisukuma mpaka kambi ya juu ya Mintos leo, kesho tunavuka Simba Col (koli, pale pa kupenyea katikati ya vilele) mapema, na Jumatatu tunatokea geti la Sirimon, upande wa pili wa mlima. Mzee akasema, "Mgeni bado ni wa pwani." Nikajibu mbona yuko vizuri? Shemeji naye, si mnajua shemeji mbele ya shemeji, akasema tuko pamoja. Mzee akanyanyua begi.

Tukafika Mintos jioni. Ni zaidi ya mita 4,200. Yaani kwa siku moja tulimpandisha mtu zaidi ya mita 1,200 kutoka alipolala, na siku mbili kabla alikuwa anakula pweza Kigamboni.

Tabibu wa Zamu

Hapo mkuu ulicheza na maisha ya mtu, nisikufiche. Ukipita mita 3,000, mwongozo wa kawaida ni kwamba pale unapolala usiku pasizidi pa jana yake kwa zaidi ya mita 500 hivi. Mchana unaweza kupanda juu ukarudi, tatizo ni kulala. Hewa ya kule ina sehemu ileile ya oksijeni kama ya Kigamboni, asilimia 21, ila mgandamizo wa hewa ni mdogo. Kwa mita 4,200 kila pumzi inakupa kama asilimia sitini ya ile ya pwani. Mwili unaweza kuzoea, lakini unataka siku, haukubali kuharakishwa.

Dalili zilianzaje?

Mkwezi wa Pangani

Daktari nimekubali kosa, ndiyo maana naandika.

Zilianza na ukimya. Shemeji ni mtu wa stori, akinyamaza nyumba nzima inauliza. Tulikuwa tumepiga hema karibu na Hall Tarns, vijiziwa vinne vitano vimetawanyika kwenye jabali tambarare kama maji ya mvua kwenye bati bovu. Mahali pazuri mno na mimi nazunguka na simu napiga picha. Jamaa wa Meru anahangaika na maharage mabichi tuliyobeba kwa ushamba wetu. Pale juu maji yanachemka kwenye nyuzi 86 hivi, unaona mapovu unadhani chakula kinaiva, kumbe ni kelele tu. Saa mbili na ushee motoni, mtungi wa gesi unaisha, maharage bado kokoto. Tukala mkate na siagi ya karanga.

Shemeji hakula. Akasema kichwa kinamgonga nyuma ya macho. Saa mbili usiku akatapika, nadhani mara nne. Nikampa dawa ya maumivu, nikamwambia lala kitapoa. Mzee akaja na taa, hakuniuliza mimi kitu. Akamtoa shemeji nje, akamwambia tembea, kisigino kiguse kidole, kama unayepima shamba kwa miguu. Hatua ya tatu shemeji akayumba kama daladala limepasua tairi, mzee akamdaka. Mzee akasema maneno matatu, nayakumbuka mpaka leo: "Huyu hatalala hapa."

Nikasema tusubiri kukuche, baridi kali, giza. Wala hakunijibu. Mpagazi mmoja alikuwa ameshaanza kung'oa hema.

Dada wa Rau

Mungu ambariki huyo mzee. Kwetu Kilimanjaro tuna msemo wa kazi, "pole pole", wageni wanafikiri ni utani wa kuwachekesha. Baba yangu amebeba mizigo njia ya Marangu na Machame miaka mingi. Alisema wanaoanguka sana ni vijana wenye nguvu, wale wanaotangulia. Kiongozi akikwambia shuka, hata kama umemlipa wewe, unashuka.

Kijana wa Runyenjes

Mimi ni wa huko chini. Kila msimu tunaona gari linashusha mtu amefungwa blanketi. Na wengi si wazee, ni watu wa Nairobi waliopanda Ijumaa jioni ndio Jumatatu warudi job. Mkwezi maliza, shemeji yuko hai ama?

Mkwezi wa Pangani

Yuko hai na ana deni langu, subirini.

Tulianza kushuka saa nne usiku. Mzee mbele, shemeji katikati ameshikwa kwa kamba ya begi, mimi nyuma namulika miguu yake. Ule ukingo mchana ulikuwa na mandhari, usiku ni mwanga wa tochi na upepo basi. Mkono wa kulia kuna bonde la Gorges, hulioni, unalisikia: mto Nithi unanguruma chini huko mbali. Nikawa nawaza simu nitakayompigia mke wangu. Ningeanzaje? "Nilikuwa nawahi koli"?

Kila baada ya nusu saa mzee anasimama, anamuuliza shemeji swali moja: jina la mama yako nani? Mara ya kwanza alichelewa kujibu. Mara ya tatu akajibu upesi, akaongeza na jina la bibi. Tulipoingia kwenye vichaka virefu vya erika (heather), karibu na mwisho wa barabara ya gari, ilikuwa inaelekea saa nane usiku. Shemeji akasimama mwenyewe, akauliza: "Yale mandazi ya Chuka yaliisha?"

Wakuu, nilikaa chini kwenye matope.

Asubuhi Land Rover ikaja, tukampitisha hospitali mjini, wakampima oksijeni, wakamsikiliza mapafu, wakasema apumzike tu. Jumapili tulikula nyama choma Embu bila kuongea sana. Ziwa Michaelson sikuliona hata kona.

Tabibu wa Zamu

Kuyumba vile ni dalili ya ubongo kuanza kuvimba, si maumivu ya kichwa ya kawaida tena. Kushuka ndiyo tiba yenyewe. Mita mia kadhaa tu zinatosha kumgeuza mtu, ndiyo maana aliomba mandazi. Mngesubiri asubuhi pengine tungekuwa tunasoma uzi mwingine.

Kwa mnaouliza inbox kuhusu Diamox, dawa ya ugonjwa wa mlimani: inasaidia mwili kuzoea haraka kidogo, unaanza siku moja kabla ya kupanda, na wenye mzio wa dawa za salfa wamwone daktari kwanza. Haimaanishi sasa ukimbie. Kingine, utakojoa sana.

Bi Mwanamvua

Assalaam alaykum. Mimi wa Mombasa, nasoma huku nimejifunika shuka utadhani niko huko. Maswali yangu ni ya kina mama: choo kikoje? Na baridi ile udhu mnachukuaje? Na safari ya pili mbona huisemi?

Mkwezi wa Pangani

Waalaykum salaam bibie. Vyoo vya kambini ni vya shimo, vya mabati, usitarajie makubwa; beba karatasi zako, na taka zote unarudi nazo. Udhu: Ellis mchana unawezekana ukijikaza. Alfajiri nilitayamamu kwenye jabali, sina la kuficha. Kibla ni kaskazini, kimeegemea mashariki kidogo tu, na pale unaposwali mlima unabaki ubavu wa kushoto, mweusi, nyota zimeujaa juu.

Sasa safari ya pili. Agosti, jamaa wa Meru na mimi, mzee yuleyule (nilimpigia mwenyewe, akacheka, akauliza shemeji hajambo). Nikaomba ruhusa ya Ijumaa kazini, na Jumatatu pia. Alhamisi usiku tulilala getini. Ijumaa Ellis, na tukalala Ellis, saa sita mchana jua linawaka vilevile. Jioni mzee akatupandisha kilima cha karibu kama mita mia mbili juu, tukakaa robo saa, tukarudi chini kulala.

Jumamosi tukaingia bonde la Gorges. Jina linalifaa. Kuta pande zote mbili, chini pana kama karai. Barafu kubwa ya zamani ndiyo iliyolichimba, ikaburura mawe mpaka ikaacha mashimo, na hayo mashimo ndiyo maziwa ya leo. Ukipita maporomoko ya Vivienne bonde linafunguka polepole. Miti yake ndiyo itakayokushangaza: kuna ile minene yenye kichwa cha majani kama kabichi kubwa, majani yakifa hayaanguki, yanabaki kwenye shina yamelivika koti. Na kuna lobelia. Asubuhi ya Jumapili niliinama kwenye lobelia moja, ile fupi inayofanana na nanasi lililofunguka. Katikati ya majani yake kuna maji, na juu ya maji utando wa barafu mwembamba kama kioo cha saa. Nikausukuma kwa kidole, ukapasuka bila sauti. Chini yake maji hayakuganda, yana utelezi fulani kama wa bamia. Mzee akasema usiku inajifunga kama ngumi kulinda kichipukizi cha ndani.

Michaelson tulifika saa nane mchana, na ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye maji. Nimesubiri miezi sita kuliona ziwa, naona mita ishirini za maji ya kijivu! Tukapiga hema, tukapika chai ya tangawizi, tukalala. Pimbi wakaja kukagua viatu. Saa kumi na moja na nusu jamaa wa Meru akanigonga mguu. Ukungu ulikuwa unapanda kama pazia la ukumbi, kwanza ufuko wa ng'ambo, halafu guu la jabali, halafu ukuta mzima wa Temple, kama mita 300 wima, jua la mwisho limeshika ukingo wa juu tu. Maji yakageuka kijani ileile ya kwenye simu. Kwa dakika kumi, labda. Halafu ukarudi.

Jumapili tukaanza saa kumi alfajiri. Kupanda kutoka ziwani ni kukali, magoti yanakaribia kidevu. Tukapita palepale Hall Tarns tulipoaibika, maji yote yameganda juu. Kutoka hapo ni changarawe inayorudi nyuma, hatua mbili mbele moja nyuma, mpaka kijiziwa cha Simba Tarn, na juu yake kidogo ndiyo Simba Col, mita 4,620. Kwa wasiojua, koli ni pale ukingo wa mlima unaposhuka kidogo katikati ya vilele, pakapatikana pa kupenyea kwenda upande wa pili. Ukisimama pale upepo unakupiga usoni mara moja, kushoto Batian na Nelion ziko karibu mpaka unaona mishipa ya jabali, mbele chini bonde la Mackinder, na pembeni vilele vya Terere na Sendeyo. Tukateremka kambi ya Shipton's kulala, Jumatatu tukatembea siku nzima hadi geti la Sirimon, tukala Nanyuki.

Lenana tuliiacha kando, saa chache tu kutoka kambini. Mzee aliuliza kama tunaitaka. Tukamwambia hapana.

Pesa Mbili

Umefika saa chache chini ya kilele halafu ukakiacha? Sasa nimeamini hamko sawa.

Muntu wa Beni

Jambo wandugu. Mimi ni wa upande wa Kongo, Rwenzori tunaiona kutoka nyumbani. Mkwezi, kama maziwa ndiyo unayotaka, nenda Rwenzori kupitia Kasese, upande wa Uganda. Ziwa Bujuku, halafu unavuka Scott Elliot Pass, mita 4,372, unateremka kwenye maziwa mawili ya Kitandara. Mimi nimeona mengi lakini Kitandara asubuhi ni kitu kingine. Ila usiseme wikendi. Ni siku saba, na siku tano kati ya hizo uko ndani ya tope la magoti. Viatu vyako vya bei acha nyumbani, nunua mabuti ya mpira ya wakulima.

Dada wa Rau

Wivu umenishika. Kibo kwetu tuna barafu, tuna urefu, mita 5,895, lakini maziwa ya namna hiyo juu hatuna. Majivu na mawe yetu yananywa maji yote. Letu ni Chala, na lenyewe liko chini mpakani, nusu yenu Wakenya.

Kijana wa Runyenjes

Mambo ya kuongeza kwa wanaopanga. Ada ya hifadhi mnalipa eCitizen (mtandao wa malipo wa serikali ya Kenya) kabla hamjatoka, getini hawashiki pesa taslimu na mtandao wa pale unakuja ukitaka wenyewe. Machi hadi Mei msijaribu ile barabara, Novemba pia. Januari, Februari, Julai hadi Septemba ndiyo miezi. Msiende bila kiongozi. Na msiwashe moto kwenye nyasi hata kama mnaganda. Mwaka 2012 huo mlima uliwaka siku nyingi, tuliona moshi kutoka nyumbani.

Bi Mwanamvua

Mimi nimeamua. Januari inshallah. Tuko wanawake watatu wa Mombasa, tutakaa Nanyuki au Chogoria siku mbili kwanza tusije tukafanywa kama shemeji. Mkwezi nitumie namba ya huyo mzee kwa faragha. Na maharage nitachemsha nyumbani.

Shemeji Mwenyewe

Nimetumiwa kiungo cha uzi huu na dada yangu. Naomba kurekebisha kumbukumbu. Nilitapika mara sita, na ya sita ilikuwa kwenye buti zako, wewe ulikuwa unapiga picha vijiziwa. Pili, mandazi yalikuwepo, matatu, mfuko wa pembeni wa begi la mpagazi, mliyala nyie asubuhi nilipolala. Tatu, huyo "mke wangu" unayemwogopa hakuwa anajua lolote mpaka leo saa tano asubuhi.

Januari nami nakuja na hao akina mama. Nalala Ellis usiku mbili.

Mkwezi wa Pangani

Shemeji, karibu jukwaani. Soksi ndefu za sufi nilizokuazima bado ziko kwako. Naomba zije na ndege, maana simu ya nyumbani imeanza kuita na leo sidhani kama nitalala ndani.